Mizani Haimshibishi Mtoto

  Najua wengi wenu mkilifungua jarida letu la kila mwaka hukimbilia kwanza vichekesho na vitendawili. Mimi leo nimekuja na habari za uji, kilo na omena. Tafadhali usinicheke. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na udongo ninaotaka kuuzungumzia ni binadamu.

Likizo ya Agosti nilimsindikiza dada yangu kliniki. Mtoto wake alikuwa ametimiza miezi tisa na siku hiyo alikuwa apate chanjo ya surua. Zahanati yenyewe haiko mbali na ufuo wa ziwa, lakini jina lake nitaliacha kapuni, kwani shabaha yangu si kumchoma mtu. Tulifika saa moja asubuhi. Benchi zote zilikuwa zimejaa akina mama na watoto, na wengine walikuwa wamekaa chini ya mti nje. Sista alikuwa mmoja tu. Saa tano ndipo tukaitwa.

Mtoto alivishwa ile suruali ya kitambaa, akaning'inizwa kwenye mizani kama mbuta pale Dunga, akalia kwa sauti yake yote. Sista akasoma, "Kilo saba nukta mbili," akaandika kitabuni. Kisha akamdunga sindano kwa ustadi ambao hata mimi niliustaajabia. Dada akauliza, "Sista, mtoto yuko sawa?" Akajibiwa, "Yuko sawa, mama. Mpe chakula cha kutosha. Anayefuata!" Basi, tukawa tumemaliza. Tulingoja saa nne, tukahudumiwa dakika tatu.

Tulipokuwa kwenye matatu nikakifungua kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Ndani mna grafu. Na grafu, ndugu msomaji, sisi wa kidato cha nne tumezisoma hadi tumechoka nazo. Mstari wa mtoto ulikuwa umepanda vizuri mpaka mwezi wa saba, halafu ukalala. Mwezi wa saba kilo 7.2, mwezi wa nane kilo 7.2, mwezi wa tisa kilo 7.2. Nikamwuliza dada, "Huu mstari uliwahi kuelezwa maana yake?" Akanijibu, "Hiyo ni mambo ya madaktari. Mimi huangalia tarehe ya kurudi tu."

Nilishtuka. Mtoto aliyekuwa akikua vizuri alikuwa ameacha kuongeza uzani kwa miezi miwili mizima. Jambo hilo lilipimwa, likaandikwa kwa kalamu ya buluu, kisha likafungwa ndani ya kitabu pasipo mtu kulisema. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Maoni yangu ni haya: katika kliniki zetu za mama na mtoto, huduma ya lishe imekuwa kazi ya kupima na kuandika, ilhali lishe yenyewe hasa ni mazungumzo. Mizani haimshibishi mtoto. Inayemshibisha ni mama aliyeelezwa mizani imesema nini na afanye nini akifika jikoni.

Huenda mtu akauliza, "Kwani kilo mbili tatu zina nini? Si atanenepa baadaye?" La hasha! Wataalamu wa afya hutuambia kwamba siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto afikishe miaka miwili, ndizo zinazojenga mwili na ubongo wake. Mtoto akidumaa wakati huo, ni vigumu sana kuyarudisha yaliyopotea. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni kweli tumepiga hatua, kwani mwaka wa 2014 walikuwa asilimia 26. Hata hivyo, bado ni karibu mtoto mmoja kati ya kila watano. Hebu hesabu wanafunzi wa darasa lako, kisha ufikirie hesabu hiyo.

Tuliporudi nyumbani nilitazama chakula cha mtoto kwa macho mapya. Dada si mvivu wala si mzembe. Alimnyonyesha mtoto maziwa yake pekee miezi sita, kama inavyopendekezwa. Baada ya hapo akaanza kumpa uji mara tatu kwa siku. Lakini uji wenyewe ulikuwa mwepesi kama maji ya mto Nyando wakati wa mvua, rangi ipo lakini cha kutafuna hakuna! Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji yenye sukari atanyamaza na kulala, nawe utadhani ameshiba. Na hapo hapo jikoni, juu ya rafu, palikuwa na omena kwenye karatasi. Nilipouliza, nikaambiwa omena ni ya watu wazima, ati mtoto atakwamwa na mifupa.

Msomaji, tunaishi kando ya ziwa! Omena huliwa mzima, kichwa na mifupa, na humo ndimo mna madini ya kujenga mifupa na damu. Akikaushwa vizuri, akasafishwa na kusagwa awe unga laini, kijiko kimoja hutosha kukibadilisha chakula cha mtoto. Lakini sisi tunayaona mambo kinyume. Mbuta hutolewa minofu viwandani ikapelekwa ng'ambo, nasi tukabaki kung'ang'ania mgongo wazi. Omena naye, sehemu kubwa huishia katika chakula cha kuku na mifugo. Managu, kunde, saga na mrenda yanaota hadi kwenye mitaro ya Nyalenda na Manyatta, lakini tunayaita mboga za wazee. Kweli, penye miti hapana wajenzi.

Tukiacha watoto, tuwatazame akina mama wajawazito. Kila mjamzito anayefika kliniki anatakiwa apewe vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, ameze kimoja kila siku. Mara nyingi vidonge hutolewa kweli. Lakini fika vyumbani mwetu uangalie chini ya godoro au nyuma ya kabati, utavikuta vimelala huko. Kwa nini? Kwa sababu mama alipovimeza aliona kichefuchefu, na choo kikawa cheusi, akaogopa. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba hayo hutokea na si hatari, na kwamba akimeza kidonge wakati wa kulala kichefuchefu hupungua. Hakuna aliyemweleza kwamba chai ya majani akinywa pamoja na chakula huzuia madini hayo kuingia mwilini, ilhali chungwa au pera huyasaidia. Na huku kwetu malaria ya kila mara hula damu ya mjamzito. Sentensi tatu tu zingaliokoa vidonge vya miezi sita.

Aidha, pita soko la Kibuye uone odowa, yale mawe laini ya udongo, yakiuzwa kwa mafungu. Wateja wakubwa ni wajawazito. Sisi hucheka na kusema ni tamaa ya mimba. Kumbe hamu ya kula udongo yaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu! Swali moja tu, "Mama, unakula odowa?", lingemfungulia mhudumu wa afya mlango mzima. Je, swali hilo huulizwa mara ngapi?

Sasa nasikia mtu akisema, "Kijana, wacha porojo. Shida ya watu ni umaskini, si maneno." Hoja hiyo siipuuzi. Najua nyumba ambazo jioni hupikwa chai tu. Najua pia kwamba uvuvi wa omena ukifungwa kila mwaka kati ya Aprili na Julai, bei hupanda. Pale ambapo chakula hakipo, ushauri mtupu ni dhihaka, na serikali sharti isaidie. Lakini nyumbani kwa dada chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni maarifa, na maarifa hayo yalikuwa kichwani mwa mtu aliyekaa naye uso kwa uso kwa dakika tatu.

Mwingine atasema nawaonea wauguzi. La, siwaonei. Sista yule alikuwa peke yake, na foleni ilifika nje. Tangu mwaka wa 2013 kazi ya kuajiri wahudumu wa afya iko mikononi mwa serikali za kaunti, na mgomo wa wauguzi wa mwaka wa 2017 uliodumu takriban miezi mitano ulitufundisha kwamba mhudumu aliyechoka hawezi kumsikiliza mama. Zahanati ngapi zina mtaalamu wa lishe hata siku moja kwa wiki? Tunajivunia hospitali kuu ya rufaa hapa Kisumu, ile ambayo wazee huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Lakini mtoto hadumai Russia. Hudumaa jikoni, na anayeweza kuliona hilo mapema ni mhudumu wa zahanati ya kijijini.

Kwa miaka mingi nchi yetu imebishana kuhusu nani atalipia uzazi. Mwaka wa 2013 ada za kujifungua zilifutwa katika hospitali za umma, ukaja mpango wa Linda Mama chini ya NHIF, na mwaka wa 2024 ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Ubishi huo ni wa haki. Lakini Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya lishe ya msingi pamoja na makao na huduma za afya. Mbona lishe hatuigombanii?

Haya basi, tufanyeje? Kwanza, kusiwe na mtoto anayeshuka kwenye mizani kabla mama hajaonyeshwa mstari wake na kuambiwa unapanda, umelala au unashuka. Hilo halihitaji fedha za wafadhili. Mwaka wa 2025, Marekani ilipoifunga USAID, tulijionea jinsi huduma zinazotegemea mfuko wa mwenzio zinavyoyumba. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Pili, zile saa nne za kungoja zigeuzwe kuwa darasa. Pawe na jiko, sufuria, omena, kunde na viazi, na akina mama wapike na kuonja. Majirani zetu wa Busia na Bungoma walishaonja jambo kama hili mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika mradi ulioitwa Mama SASHA. Mjamzito alipofika kliniki alifundishwa lishe, tena akapewa vocha ya kuchukulia marando ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A tele, akavipande shambani mwake. Yaani aliondoka na neno na mbegu.

Tatu, kaunti ziajiri wataalamu wa lishe, na wale wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa kote nchini mwaka wa 2023 walipwe kwa wakati. Nasema hivi kwa sababu aliyemwokoa mtoto wetu ni mmoja wao, mama jirani. Alikuja na utepe wake, akaupima mkono wa mtoto: sentimita 12.7. Rangi ilikuwa ya kijani bado, lakini chini ya 12.5 ni manjano, na chini ya 11.5 ni nyekundu. Hakumgombeza dada. Aliuliza, "Mama, leo mtoto amekula nini?" Halafu akaingia naye jikoni. Akamfundisha kupika uji mzito usiochuruzika kwenye kijiko, kuponda kunde na omena, kumlisha mara tatu hadi nne kwa siku, na kuendelea kumnyonyesha. Alizungumza Kijaluo, polepole, kama mtu asiye na haraka. Mtoto alipotimiza miezi kumi na mmoja alikuwa na kilo 7.9. Dada mwenyewe ndiye aliyenionyesha mstari ukipanda!

Nne, na hili ni letu sisi wanafunzi. Wewe unayesoma hapa unazijua grafu. Nyumbani kwenu au kwa jirani pana kijitabu cha mtoto. Likizo hii kifungue, umsomee mama au dada yako. Na ninyi wavulana msijifiche, kliniki si ya wanawake peke yao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na analelewa na nyumba nzima.

Wino unaniishia, na mhariri ananikodolea macho. Kwaheri ya kuonana.