Usiwashe Sola Yako Kabla Hujaikagua

Wakulima wenzangu, siku hizi mtu akitoka Thika akafuata njia ya Gatuanyaga au Ngoliba, au akizunguka pande za Ruiru, ataona paneli za sola juu ya mabati ya nyumba nyingi. Ni jambo jema. Mwanzoni mwa karne iliyopita taa za Nairobi ziliwaka kwa nguvu ya maji ya mto Ruiru, na baadaye kwa maji ya mto Thika pale Ndula, lakini waliolima kando ya mito hiyo hiyo walikaa na koroboi. Sasa mtu aweza kupata stima yake kutoka juani bila kungojea nguzo. Sina neno la kuipinga sola. Neno langu ni juu ya ile jioni ya kwanza, fundi amemaliza kufunga vyombo, jua limekwisha kuchwa, watoto wamejaa sebuleni, na kila mtu anasema, "Washa!" Mimi nasema, usiwashe.

Yafaa kuwasha kuwe siku ya pili yake, saa nne ya asubuhi, fundi yupo, na mwenye nyumba anaona kwa macho yake kila waya inapoanzia na inapokwishia. Tena sehemu ya mwisho ya malipo na ikae mfukoni mpaka kazi hiyo imalizike. Najua mafundi wengine watanuna wakisoma maneno haya. Fundi mzuri hatanuna.

Kosa linaloenea sana ni kudhani kwamba sola haina hatari, kwa kuwa betri ni ya volti 12 tu, na mtu aweza kuishika asirushwe. Ni kweli, haikurushi. Lakini yaweza kukuchomea nyumba. Fikiri juu ya maji. Volti ni kama nguvu inayosukuma maji katika bomba, na ampia ni wingi wa maji yanayopita. Betri moja ya volti 12 na ampia-saa 100 husukuma kwa nguvu ndogo, lakini lango lake ni pana mno: ukiiangusha spana juu ya vichwa vyake viwili, zaidi ya ampia elfu moja zaweza kupita papo hapo. Spana hiyo itawaka nyekundu kama chuma cha mhunzi. Basi ikiwa panya ametafuna waya nyuma ya ukuta wa mbao, jambo hilo hilo latokea mahali usipopaona, na wewe umelala.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutazama si taa wala paneli. Ni fyuzi. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole fyuzi ya betri iko wapi. Inapaswa kuwa kwenye waya nyekundu, karibu sana na kichwa cha betri, isiwe mbali kuliko shibiri moja au mbili, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Fundi akikuambia kwamba inveta ina fyuzi yake ndani, mjibu kwa heshima kwamba hiyo hulinda inveta, haiilindi nyumba. Na swichi za kukata stima upande wa paneli na betri ziwe zimeandikwa DC. Stima ya Kenya Power hugeuka na kufikia sufuri mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana cheche yake hukatika upesi swichi inapofunguliwa. Ya sola haigeuki. Swichi ya kawaida ya nyumba ikiikata, cheche yaweza kuendelea kuwaka ndani ya swichi yenyewe mpaka plastiki iyeyuke.

Halafu waya. Hapa ndipo watu wengi hutafuta urahisi wa bei, na hapa ndipo hesabu ya darasa la sita inatosha kabisa. Gawa wati kwa volti, utapata ampia. Chombo cha wati 1,000 kikitumia stima ya volti 240, ampia ni 4 na kidogo tu. Inveta hiyo hiyo ikivuta wati 1,000 kutoka betri ya volti 12, ampia ni 83. Waya ya taa, ile ya milimita za mraba 1.5, haiwezi kazi hiyo. Itapata moto kama jiko. Kutoka betri hadi inveta ya namna hiyo yataka waya nene ya milimita za mraba 25 au zaidi, tena fupi. Inveta na iunganishwe na betri yenyewe kwa kupitia fyuzi, isiunganishwe na matundu ya taa yaliyo kwenye kontrola, maana kontrola haiwezi kupitisha mzigo huo.

Sasa betri yenyewe. Nimekwisha kuziona chini ya kitanda, chini ya meza ya jikoni, na moja ndani ya kabati pamoja na nguo za Jumapili. Betri za risasi na asidi zikijazwa hutoa hewa ya haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo. Mahali pake ni pale penye tundu la hewa juu, kwa kuwa hewa hiyo hupanda, mbali na jiko na koroboi, juu ya ubao, na mtoto asipofika. Usiongeze maji ya mtoni wala ya kisima, ila maji safi ya betri peke yake. Asidi ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali. Betri za lithiamu hazitoi hewa hiyo zikijazwa kwa kawaida, lakini zina sharti lingine: kontrola lazima iambiwe ni betri ya aina gani. Mwulize fundi, "Umeiweka kwa lithiamu au kwa asidi?" Kama hajui unazungumza juu ya nini, msimamishe hapo hapo.

Wengine mtasema, mimi si fundi, nitakagua nini? Lakini wewe si daktari wa mifugo pia, na bado huwaingizi ng'ombe katika josho kabla dawa haijapimwa. Kwa sola chombo cha kupimia ni mita ndogo, ambayo bei yake haifiki gunia moja la chakula cha ng'ombe. Maoni yangu ni kwamba kila chama cha ushirika cha maziwa kingenunua moja na kuiazima kwa wanachama, kama inavyoazimwa pampu ya kunyunyizia dawa. Betri ya asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika saa chache, husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma chini ya 12 iko karibu kuisha, na ikiwa ni mpya, irudishe dukani. Ya lithiamu ya namna ya fosfeti husoma karibu 13.3 ikiwa imejaa. Paneli ya volti 12 juani, kabla ya kuunganishwa na kitu, hutoa volti 20 hadi 22. Zikifungwa mbili kwa mfuatano, hesabu hujumlishwa ikapita 40. Basi soma kibandiko cha kontrola uone kama yaweza kupokea nyingi hivyo. Na alama ya kutoa ikitokea mbele ya nambari kwenye mita, nyekundu na nyeusi zimepishana mahali. Heri mita ikuambie kuliko inveta ikuambie kwa moshi.

Utaratibu wa kuunganisha nao hauna hiari. Betri kwanza kwenye kontrola, ndipo paneli. Wakati wa kufungua, paneli kwanza, ndipo betri. Kontrola nyingi huharibika paneli zikitangulia, kwa kuwa haijajua betri ni ya volti ngapi. Tena kumbuka kwamba paneli haina swichi yake. Jua likiwaka, nayo inafanya kazi, hata ikiwa bado iko chini ukumbini. Ifunike kwa blanketi au gunia zito fundi anaposhika waya zake.

Kwa wale ambao wana stima ya Kenya Power pamoja na sola, nina neno kali zaidi. Usikubali inveta ichomekwe katika soketi ya ukutani ili "ilishe nyumba yote". Lazima iwepo swichi ya kubadilisha, ambayo haiwezi kuruhusu zote mbili kwa wakati mmoja. Bila hiyo, stima ya nguzo ikikatika, stima yako hutoka nje kwenye waya, na ikipita katika transfoma hupandishwa volti maelfu. Mtu aliyepanda nguzo kutengeneza waya, akiamini kwamba zimekufa, ndiye atakayeuawa na taa yako. Ana mke na watoto kama wewe.

Juu ya fundi: mafundi wa sola hupewa leseni na EPRA, halmashauri iliyowekwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Mwambie akuonyeshe leseni yake, usome jina na tarehe ya mwisho. Si utovu wa adabu. Hata mwenye kununua fahali huuliza cheti chake. Kijana wa jirani anayejua kutengeneza redio ni kijana mwema, lakini kujua redio si kujua sola.

Yote yakiwa sawa, ndipo uwashe, tena taa moja tu. Iache nusu saa. Kisha pitisha mgongo wa mkono karibu na kila kiungo, kuanzia kwenye betri. Kiungo chenye joto kimelegea, au waya yake ni nyembamba. Zima, kikazwe au ibadilishwe. Ongeza taa ya pili, halafu redio, halafu televisheni. Baada ya juma moja mwite fundi azikaze tena skrubu zote, kwa kuwa shaba hulegea kidogo ikipata joto na kupoa. Mwombe pia aandike kwenye karatasi, kwa Kiswahili au Kikikuyu au lugha yoyote isomwayo nyumbani, swichi ipi huzimwa kwanza na ipi baadaye. Ibandike karibu na betri, na umwonyeshe mama na mtoto mkubwa, maana siku ya moshi huenda wewe uko kiwandani kupeleka kahawa.