Maoni Yetu: Walimu wa gitaa, anzeni na kuhama uzi

Kijana anapanda skeli kwenye gitaa la umeme, kasi nzuri kabisa, mpaka afike uzi mwembamba. Akianza kushuka, mambo yanaharibika. Noti zinagongana, piki inakwaruza uzi usiohusika, bega linakakamaa. Mwalimu anamwambia apunguze mwendo, awashe metronomu, aongeze kidogo kidogo. Tunawaheshimu walimu wetu, lakini ushauri huo ukitolewa peke yake unampotezea mwanafunzi miaka, na tunaomba ubadilike.

Tuangalie mkono unafanya nini. Sauti inaposhuka, mkono wa kulia unapanda: uzi wa 1, ule mwembamba, uko upande wa sakafu, na uzi wa 6, ule mnene, uko upande wa kidevu. Chukua skeli ya noti 3 kwenye kila uzi, kutoka uzi wa 1 hadi wa 6. Ni noti 18, na utahama uzi mara 5. Ukianza na pigo la chini na kupiga chini-juu bila kukatiza, uzi wa 1 unaumaliza kwa pigo la chini, wa 2 kwa la juu, wa 3 kwa la chini, na kuendelea hivyo. Mara 3 unahama baada ya pigo la chini, mara 2 baada ya pigo la juu.

Sasa, piki inayokwenda kasi haikai sawasawa na nyuzi. Inakwenda mshazari. Wako wapigaji ambao piki yao ikienda chini inazama kuelekea ubao wa gitaa, na ikirudi juu inatokeza hewani. Ikiwa hewani, inauvuka uzi unaofuata bila kugusa kitu. Ikiwa imezama, uzi ule ule uliopigwa sasa hivi umesimama njiani, na piki haina pa kupita ila kuuruka. Kwa mwendo wa taratibu mkono unapata nafasi ya kuruka, na wala mpigaji hajui kama ameruka. Weka metronomu kwenye 120, noti 4 kwa kila pigo lake, yaani noti 8 kwa sekunde. Noti zote 18 zinakwisha katika sekunde 2 na ushei, na nafasi ya kuruka haipo tena. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi ya taratibu kwa miezi sita amezoea mwendo ambao kasi haiuruhusu. Vidole vyake vya kushoto havina kosa lolote.

Wakubwa wa fani hii walilitatua jambo hili kila mtu kwa njia yake. Yngwie Malmsteen, Mswidi aliyetoa albamu ya Rising Force mwaka 1984, ni wa kundi hilo ambalo piki hutokeza kwa pigo la juu. Akishuka noti 3 kwenye uzi mmoja hazipigi zote kwa piki: chini, juu, na ya tatu anaivuta kwa kidole cha mkono wa kushoto. Hivyo kila anapohama ametoka kwenye pigo la juu, na uzi mpya anauanza kwa pigo la chini. Ndiyo maana kushuka kwake kunasikika kama maji. Frank Gambale, Mwaustralia aliyepiga katika bendi ya umeme ya Chick Corea, alichukua njia nyingine: noti 3 anazipiga juu, chini, juu, kisha pigo hilo la juu linaendelea moja kwa moja hadi uzi unaofuata, kama ufagio. Njia hii inataka piki ilale kinyume na ile ya Malmsteen, izame inapokwenda juu. Mtu akiziiga zote mbili kwa mkono mmoja bila kujua tofauti hiyo, atanasa tu.

Mmarekani Troy Grady alifunga kamera ndogo kwenye gitaa lenyewe ili kuona kwa karibu piki inavyoingia na kutoka kati ya nyuzi. Tunamshukuru kwa dhati, kwa kuwa aliyoyaonyesha leo mwanafunzi yeyote anaweza kuyaangalia kwa simu inayorekodi mwendo wa polepole, iliyoelekezwa kwenye nyuzi kutoka upande wa shingo ya gitaa.

Ombi letu kwa walimu ni hili. Siku ya kwanza ya somo la kasi, wekeni skeli pembeni. Mwanafunzi apige noti moja kwenye uzi mmoja kwa kasi yote aliyo nayo, mkono ukiwa mlegevu, mrekodi kwa sekunde kumi, kisha mtazame pamoja piki inatokeza upande gani. Msimbadilishe. Kama inatokeza kwa pigo la juu, mpeni noti 4 za kushuka kwenye uzi wa 1 na 4 kwenye wa 2, aanze na pigo la chini. Noti zikiwa shufwa, kila uzi utakwisha kwa pigo la juu na atahama bila kizuizi. Kama inatokeza kwa pigo la chini, mpeni noti hizo hizo, ila aanze na pigo la juu. Afanye kwa kasi tangu siku hiyo hiyo, hata kama noti mbili tatu zitapotea. Skeli ya noti 3 aipate baadaye, akishajua ni noti ipi ataiachia kidole cha kushoto.