Anayetengeneza Mtambo Ndiye Ashike Ufunguo



Maji ya Kampala, kwa jirani zetu wa Uganda, huvutwa kutoka Ziwa Victoria kwenye mitambo kama ile ya Gaba, husafishwa, kisha hupandishwa mjini kwa pampu. Pampu ikisimama, hospitali, viwanda na nyumba hukauka. Ndiyo maana fundi mkuu wa mitambo ya maji, popote alipo, huambiwa: "Washa upesi!"

Lakini mara nyingi cheo chake ni cha kubeba lawama tu. Kijana wake akizimia ndani ya shimo lisilo na hewa, au gesi ya klorini ikivuja na kutanda sakafuni, maana ni nzito kuliko hewa, huulizwa yeye. Aliyetoa amri yuko ofisini.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Tudai jambo hilo liandikwe katika makubaliano ya chama na mwajiri: swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayetengeneza. Iwe pampu ya maji, korona ya mkonge au mashine ya chai, haki ni moja.

Mtambo hununuliwa. Mkono haununuliwi.