Mtoto Aliyewatangulia Wenzake

Wazazi wenzangu, wako watoto wanaojua kusoma kabla hawajafundishwa. Husoma maandishi ya mfuko wa unga, huuliza nyota zimeshikwa na nini, na chenji ya dukani huihesabu kabla ya mwenye duka. Jirani husema, "Huyu ni profesa," na nyumba nzima ikacheka. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini nyuma yake iko kazi ya malezi ambayo wengi wetu hatukuandaliwa kwayo, hasa pale mtoto wa namna hiyo anaposomea nyumbani.

Mwezi wa Machi 2020, shule za Rwanda zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kila nyumba hapa Kigali iligeuka darasa. Masomo yalisikika redioni, na shule hazikuanza kufunguliwa, tena kwa awamu, mpaka Novemba mwaka huo. Januari 2021 zile za Kigali zikafungwa tena kwa majuma kadhaa. Ndipo mama wengi, ambao waume zao walikuwa kazini usiku na mchana, walipoona ambalo mwalimu hakuwa amewaambia: mtoto amemaliza kitabu cha muhula mzima kwa siku chache, hana la kufanya, amekuwa mkaidi. Na mtoto huyo huyo ajuaye kugawanya sehemu, kalamu yake ikivunjika hulia kama mchanga.

Msimwite mdekaji. Akili na moyo havikui kwa mwendo mmoja. Leta Hollingworth, mtaalamu wa saikolojia aliyewachunguza watoto wa jinsi hii huko New York zamani za miaka ya 1920 na 1930, alionyesha kwamba taabu yao hutokana na fahamu kukimbia mbele, hali hisia zimebaki na umri wake. Mtoto huelewa habari nzito, lakini hana kifua cha kuzibeba.

Katika nyumba za askari jambo hili lina uzito wa pekee. Majeshi ya Rwanda yamekuwa yakienda Afrika ya Kati tangu 2014, na Cabo Delgado huko Msumbiji tangu Julai 2021. Mtoto wa kawaida wa miaka minane huambiwa baba amesafiri, akaridhika. Mwenzake huyu huitafuta Bangui katika ramani, husikiliza habari za saa mbili akijifanya anachora, kisha usiku halali. Kumwambia "nyamaza, hayo si ya watoto" hakumtulizi. Kunamfundisha tu kuogopa peke yake. Wala asiahidiwe kwamba baba hatapatwa na lolote, kwa maana atajua mara moja kuwa mama hana uwezo wa kuahidi hivyo. Aambiwe la kweli kwa kiasi chake: baba yuko na wenzake, kazi yake ni hii, na habari yoyote ikija hatafichwa. Kisha redio izimwe.

Jambo jingine ni sifa. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio yao juu ya watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kuwa wana akili, walipopewa maswali magumu wakashindwa, walivunjika moyo, na karibu wanne katika kila kumi waliongeza alama zao walipotakiwa kuziandika. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Kwa hiyo "profesa" wa jirani si mzaha mtupu: mtoto huona kwamba siku akikosea jina lile litaondoka, na pengine mapenzi pia.

Dawa mojawapo ni kumpa kitu cha kumshinda. Mzee wa mtaani ajuaye igisoro, na mashimo yake 32 na kete 64, atamfunga mara ishirini bila kumwonea haya, naye atajifunza kucheka akiwa ameshindwa. Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa Kacyiru mwaka 2012, itamtuliza kwa vitabu vipya. Lakini asiachwe na vitabu pekee. Acheze mpira na rika lake, ateke maji, afue soksi zake.

Kuhusu kumrukisha madarasa, mimi si mpenzi wa haraka. Ikiwa amewazidi wenzake kwa hesabu tu, na aongezewe hesabu. Kumkalisha kati ya vijana wa miaka kumi na minne ni jambo jingine. Shule za kuchagua wenye vipaji zipo: Tanzania ina Ilboru na Mzumbe, na hapa kwetu Rwanda Coding Academy ilianza Nyabihu mwaka 2019, ikiwapokea waliokwisha kumaliza sekondari ya chini. Mtoto wa miaka minane ana muda wa kutosha kuzifikia.

Baba aliye mbali naye ana sehemu yake. Kila Jumapili simu ikipatikana, na ampe fumbo moja la hesabu au la maneno, jibu lingoje Jumapili ijayo. Na akiulizwa, asione haya kusimulia somo lililompiga chenga alipokuwa darasani.