Bastola Imefaulu Mtihani, Mwalimu Je?

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii ilinijia akilini Julai 2024, nilipokuwa nimemtembelea mpwa wangu katika jimbo la Ohio, Marekani. Baada ya chakula cha jioni, bintiye mdogo alipokwisha kulala, mpwa wangu alifungua kisanduku cha chuma chenye kufuli, akatoa kitu kilichoviringwa kitambaa, akakiweka mezani kwa adabu kama mtu aonyeshaye saa ya marehemu babake. Ilikuwa bastola mpya, nyeusi, isiyozidi urefu wa mkono wangu tangu kifundo hadi ncha za vidole.

"Mjomba," akaniambia, "nataka unisaidie kuifanyia mtihani."

Nilifundisha kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na mitihani niliyoisimamia haina idadi. Huu, hata hivyo, ulikuwa wa kwanza wa namna yake. Nilimwuliza mwalimu wa hisabati, tena mtoto wa dada yangu, ana haja gani na chombo kile. Akanionyesha barua kutoka kwa bodi ya shule yake. Bodi ilikuwa ikiwauliza walimu ni nani kati yao angejitolea kubeba silaha darasani kuanzia muhula mpya. Jibu lilitakiwa kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Agosti.

Msomaji asidhani kwamba bodi hiyo ilijitungia jambo lake yenyewe. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ya Ohio iliamua kwamba mfanyakazi wa shule hawezi kubeba bunduki kazini mpaka apate mafunzo ya msingi ya polisi, ambayo yalizidi saa 700, au awe na uzoefu wa miaka 20 katika kazi hiyo. Mwaka uliofuata, 2022, wabunge wa jimbo hilo walipitisha sheria mpya. Saa zile 700 zikashushwa hadi saa zisizozidi 24, pamoja na saa 8 za kujikumbusha kila mwaka. Bodi ya shule inaweza kuongeza ikitaka, lakini haishurutishwi. Aprili 2024 jimbo la Tennessee nalo likapitisha sheria yake, likiweka saa 40 kwa mwaka.

Basi Jumamosi mbili mfululizo tulikwenda katika uwanja wa shabaha nje ya mji. Mimi sikuigusa bastola. Sheria ya Marekani haimruhusu mgeni aliyeingia kwa visa ya matembezi kushika silaha, ila kwa masharti maalumu, nami sikuona sababu ya kuyatafuta. Niliketi nyuma ya mstari mwekundu, vizibo masikioni, daftari magotini, nikifanya kazi niliyoizoea: kutia alama. Risasi iliyotoka vyema ilipata alama ya sahihi, na iliyokwama ilipata mkasi.

Kwa manufaa ya wanafunzi, yafaa nieleze kwa nini chombo kipya kikatahiniwa hivyo. Risasi inapolipuka, nguvu inayoisukuma mbele ndiyo pia inayoisukuma nyuma sehemu ya juu ya bastola. Sehemu hiyo ikirudi nyuma hulitupa nje ganda tupu; springi inapoirejesha mbele, huzoa risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza mtutuni. Yote hayo hutendeka kabla jicho halijapepesa. Misingi ya utaratibu huo katika bastola nyingi za leo iliwekwa na Mmarekani John Browning, aliyefariki mwaka wa 1926. Katika bastola kubwa, sehemu hiyo ina nafasi ya kutosha kwenda na kurudi. Katika bastola ndogo ya kufichwa kiunoni, safari ni fupi, springi ni ngumu zaidi, na mkono wa mpigaji ukilegea kidogo tu, nguvu hupotea na ganda hukwama. Aidha, jinsi bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyompiga teke zaidi anayeifyatua, na jinsi mtutu unavyokuwa mfupi ndivyo kosa dogo la kulenga linavyokuwa kubwa kwenye shabaha. Udogo unaoifanya ibebeke kwa urahisi ndio huohuo unaoifanya iwe ngumu kutumia.

Mpwa wangu alikuwa amejiwekea sharti. Angefyatua risasi 500: 400 za kawaida, na 100 za aina ambayo angeibeba. Hizi za pili zina shimo kichwani, nazo hupanuka zinapompata mtu. Azimio la The Hague la mwaka wa 1899 lilizipiga marufuku risasi za namna hiyo vitani, ilhali polisi na raia wa Marekani huzitumia kwa hoja kwamba si rahisi zipenye mtu mmoja na kumdhuru aliye nyuma yake. Umbo lake butu huweza kukwama mahali ambapo risasi ya kichwa cha mviringo hupita bila taabu, na ndiyo maana mtu mwangalifu haridhiki kwa kujaribu aina moja tu. Iwapo bastola ingekwama hata mara moja katika risasi 200 za mwisho, mtihani ungeanza upya.

Matokeo ninayo daftarini. Katika risasi 100 za kwanza, bastola ilikwama mara nne: mara tatu ganda halikutoka, na mara moja risasi ilikita pua kwenye njia ya kuingilia mtutu. Mzee mmoja aliyesimamia uwanja alimkaribia mpwa wangu, akamwelekeza ashike kwa nguvu zaidi na asilegeze kifundo cha mkono. Katika mia ya pili ilikwama mara moja. Jioni hiyo aliifungua, akaisafisha, akaitia mafuta. Jumamosi ya pili alifyatua risasi 300, na katika ukurasa mzima hapana mkasi hata mmoja. Bastola ilikuwa imefaulu, na kwa alama za juu.

Laiti ningeishia hapo, makala haya yangekuwa ya kuisifu bidhaa. Lakini nilikuwa nimetia alama safu ya pili bila kumwambia mwenyewe. Safu ya kwanza ilikuwa ya bastola, na ya pili ilikuwa ya mwalimu.

Shabaha ilikuwa umbali wa yadi 7, yaani kama mita 6 na nusu. Kwa wenzangu wa chaki, huo ni kama umbali wa ubaoni hadi dawati la nyuma. Alipofyatua polepole, akivuta pumzi na kutulia, risasi zote kumi zilifika ndani ya duara. Mzee wa uwanja alipomwambia aichomoe na afyatue kumi upesi upesi, saba zilifika. Alirudia mara tatu, na hakupata zaidi ya saba.

Naam, saba kati ya kumi si alama mbaya. Darasani kwangu ningempa mwanafunzi pongezi. Lakini nilipotazama mahali zilikokwenda zile tatu, niliona tuta la udongo. Uwanja wa shabaha umejengewa tuta ili makosa ya mpigaji yaishie mchangani. Darasa halina tuta. Nyuma ya kila shabaha darasani pana mtoto, na nyuma ya mtoto huyo pana ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta pana darasa jingine.

Kumbuka pia kwamba mpwa wangu alifyatua mchana, akiwa ameshiba, bila ya mtu yeyote kumfyatulia. Taasisi ya RAND ilichunguza matumizi ya silaha ya polisi wa jiji la New York, na ripoti yake ya mwaka wa 2008 ilionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006, polisi hao waliporushiana risasi na wahalifu, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizowapata waliolengwa. Hao ni watu waliofunzwa kwa miezi na kulipwa kwa kazi hiyo. Mei 24, 2022, mjini Uvalde, Texas, maafisa wa usalama 376 walifika katika shule ya msingi iliyovamiwa na kijana mmoja, na zaidi ya saa nzima ikapita kabla hawajaingia darasani alimokuwa. Wanafunzi 19 na walimu 2 waliuawa. Ikiwa mamia ya watu wenye sare, ngao na bunduki ndefu walisita mlangoni, ni nani awezaye kumwambia mwalimu wa hisabati kwamba saa 24 zitamtosha?

Sisemi haya kwa dharau. Hofu ya walimu naielewa, kwani sisi Wakenya hatukuisoma vitabuni. Novemba 22, 2014, abiria 28 waliteremshwa kutoka basi moja kaunti ya Mandera wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda makwao likizoni. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwenye kusema "nipeni silaha nami nijilinde" hasemi upuuzi. Anasema analolisema kila kiumbe anayeona hatari ikimjia. Mpwa wangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu upesi: "Mjomba, akiingia mtu mlangoni, nimrushie chaki?"

Nilikaa na swali hilo usiku kucha. Jibu nililolipata ni kwamba hatari ya mvamizi huja siku moja katika maelfu, na shule nyingi hazitaiona kamwe. Hatari ya bastola darasani huja kila siku, tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Mwalimu huinama kusahihisha daftari. Huamua ugomvi wa wavulana wawili wenye nguvu kumshinda. Huvua koti kukiwa na joto. Watoto wadogo humkumbatia kiunoni, mahali hasa ambapo ala ya bastola hukaa. Akiificha mezani, itampasa aifungie. Akiifungia, haitamfaa mvamizi afikapo. Asipoifungia, ataifikia mwanafunzi. Lipo pia jambo ambalo haliwezi kupimwa uwanjani: mwanafunzi akijua kwamba mwalimu wake ana uwezo wa kumwua, je, atamletea siri yake? Atamwambia kwamba rafiki yake amepata bunduki na ananuia shari? Mara nyingi habari kama hizo ndizo kinga iliyo bora kuliko risasi 500 zilizotoka bila kukwama.

Huku kwetu sheria bado ni kali. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yamtaka raia apate cheti kabla ya kumiliki bastola, na mwishoni mwa mwaka wa 2018 serikali iliwaamuru wote waliokuwa na vyeti wakaguliwe upya. Nakubaliana na msimamo huo, maana unamtahini mtu wala si chombo peke yake. Hata hivyo, kila majangili wanapovamia shule katika Bonde la Kerio na sehemu za kaskazini, hazikosekani sauti za kutaka walimu nao wapewe bunduki. Kwa wenye sauti hizo nasema: kumpa mwalimu bunduki ni njia rahisi ya serikali kumtwika mwalimu wajibu ambao ni wake yenyewe. Shule iliyo hatarini yahitaji polisi walio karibu, ua imara, barabara ipitikayo na simu ipatayo mawasiliano. Mwalimu akishakuwa mlinzi, nani atakuwa mwalimu? Aidha, jangili akijua kwamba bunduki zimo shuleni, shule itakuwa ghala analolitamani.

Asubuhi iliyofuata nilimpa mpwa wangu daftari, nikamfunulia safu zote mbili. Aliyasoma kimya. Kisha akauliza kwa nini sikumwambia kwamba naye alikuwa akitahiniwa. Nikamjibu kwamba mvamizi naye hatamwambia.

Bastola anayo hadi leo, katika kisanduku chake cha chuma, na ufunguo hauachi. Ni haki yake chini ya sheria ya huko, na kwa uangalifu niliouona sina la kumlaumu. Lakini barua ya bodi aliijibu kabla ya Agosti kwa sentensi chache. Aliandika kwamba amekipima chombo akakiona kinafaa, na amejipima mwenyewe kwa kazi hiyo akajiona hafai. Na kwamba bodi ikimpata mtu wa kufaulu mara kumi kwa kumi mbele ya watoto thelathini wanaolia na kukimbia, impe huyo. Wenzake wawili walikubali kubeba. Nawaombea heri, na zaidi nawaombea wanafunzi wao.

Nanyi wanafunzi mnaosoma makala haya, jifunzeni jambo moja kutoka daftari lile. Kabla ya kuuliza kama chombo ni kizuri, kiwe bastola, gari au kalamu, ulizeni mkono utakaokishika umepimwa na nani.