Sumu ya Nyani Haimchagui Mtoto

Mahindi yakianza kukomaa na ndizi zikianza kugeuka rangi, hapa kwetu Kanoni usingizi hupungua. Mchana ni nyani na tumbili, usiku ni nguruwe pori. Nyani huvunja hindi, huliuma mara moja, hulitupa, kisha huvunja jingine. Jasho la miezi mingi huisha asubuhi moja.

Kwa uchungu huo, wapo wanaoshauriana kupaka dawa ya wadudu kwenye ndizi mbivu na kuiacha kando ya shamba. Tunawasihi, tusifanye hivyo. Ndizi mbivu iliyo njiani huokotwa na mtoto anayetoka kuchota maji. Nyani akifa, mbwa wetu humla. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu.

Sisi wauguzi tunazijua dalili za dawa nyingi za namna hiyo: mate na jasho jingi, mboni za macho kuwa ndogo sana, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka, pumzi kubana. Mtoto akiwa hivyo, tusimtapishe wala tusimnyweshe maziwa, hata kama bibi anasisitiza. Tumvue nguo zilizoingia dawa, tumwoshe kwa sabuni na maji mengi, tumlaze kwa ubavu, tumkimbize kituo cha afya pamoja na kopo la dawa hiyo. Tiba ipo, lakini inataka kuwahi.

Basi shamba tulilindeje? Mkungu wa ndizi za kuiva tuukate mara ndizi zinaponenepa, tuuivishe ndani. Mahindi yakikauka tusiyaache yakisimama shambani, ila tuyaanike vizuri juu ya turubai, maana mahindi mabichi yakiwekwa ghalani huota ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Vichaka vinavyopakana na shamba tuvifyeke, nyani asipate pa kujificha.

Lakini yote hayo hayazidi kuamia. Watafiti waliokaa na wakulima wa Masindi, Uganda, miaka ya 1990 waliona kwamba nyani humwogopa mwanamume kuliko mwanamke au mtoto. (Sisi tulilijua hilo bila utafiti!) Hata hivyo, nani huachiwa dungu? Mama mwenye mtoto mgongoni, au binti wa darasa la tano anayekosa shule wiki tatu.

Kwa hiyo tuzungumze na waume zetu. Baba aamie alfajiri kabla ya shughuli zake, mama apokee mchana, watoto waende shule. Majirani wenye mashamba yanayopakana wakishika zamu, kila nyumba itakuwa na siku yake. Mazungumzo hayo tuyafanye baada ya chakula cha jioni, mahindi yakiwa bado machanga. Tukingoja mpaka nyani waingie, tutakuwa tunagombana.