Vyama vya Marekani Havitujui, Sisi Tunapigania Jezi Zao

Ndugu zetu wa Base Camp, Juru na Rubondo, na nyinyi mlioko Mbarara kwa masomo au kutafuta riziki, leo tunaandika kwa aibu kidogo. Mwaka huu wote grupu yetu ya Watsapu imekuwa Marekani ndogo. Kuna wa Trump na kuna wa Democrat. Hakuna hata mmoja wetu mwenye kura kule. Hapa pia hatuna: sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatukataza kufanya siasa za nchi hii, na tunaiheshimu. Basi kiu yote ya siasa tumeipeleka Washington, kama vile tunavyoshabikia Arsenal na London hatujawahi kuiona.

Kushabikia siyo dhambi. Shida ni kwamba tumevaa jezi, na ugonjwa wa wenye jezi tumeuambukizwa.

Wengi wenu mnajua yaliyotokea Januari 2025, lakini tuyaseme wenyewe. Dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa na tarehe ya ndege, yeye na mama yake na wadogo zake. Mama alishauza mbuzi wawili, mabati ya jikoni, hadi maharage yaliyokuwa bado shambani. Tarehe 20 Trump aliapishwa, na siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kabla ya wiki kuisha safari zilifutwa, na yao ikiwemo.

Usiku ule mwenzetu mmoja wa upande wa Trump aliandika kwenye grupu: "Mwanaume ametimiza alichoahidi." Akaweka na vicheko vitatu. Wa upande wa Democrat walikasirika sana. Wakafanya nini? Wakachukua picha ya yule dada amekaa juu ya mabegi, wakaisambaza kwenye magrupu mengine bila kumuuliza, na maneno juu yake: "Oneni kazi ya Trump wenu." Asubuhi dada alitoka kwenye grupu. Hakuna aliyemfuata. Tulikuwa bado tunabishana.

Sasa tuongee. Tuanze na nyinyi wa Democrat, kwa sababu ndio wengi kati yetu na ndio mnajiona wasafi. Biden aliomba kura akisema atafungua mlango: wakimbizi 125,000 kwa mwaka. Aprili 2021, tayari yuko Ikulu, akasaini karatasi ya kubakiza 15,000, ileile namba ya Trump, ambayo chama chake kilikuwa kimeiita aibu. Ilibidi watu wake wenyewe wapige kelele ndipo Mei akapandisha hadi 62,500. Na hiyo ilikuwa namba ya kwenye karatasi. Waliofika kweli mwaka huo wa bajeti walikuwa 11,411, wachache kuliko hata mwaka wa mwisho kamili wa Trump. Ni kweli miezi karibu minne ya mwaka huo ilikuwa ya Trump, na ni kweli pia kwamba kufikia 2024 waliingia zaidi ya 100,000, Wakongomani wakiwa wengi kuliko taifa lingine lolote. Hatukatai. Ila mlikuwa wapi Aprili 2021? Tumerudi kusoma grupu. Kimya. Yule aliyeandika kurasa mbili juu ya Trump mwaka 2020, Aprili ile alituma picha ya harusi.

Na chakula? Mnasema njaa imeletwa na Trump. Mei 2025 wakimbizi karibu milioni moja Uganda waliondolewa kwenye mgao, hilo liko wazi, na msaada wa Marekani kukatwa ulichangia. Lakini kategori zilianza lini? Ni 2023, Biden akiwa Ikulu, ndipo fedha zilipopungua hadi tukagawanywa kategori ya kwanza, ya pili na ya tatu, na wengi wakabaki na sehemu ndogo ya posho ya zamani. Sufuria ya 2023 haikuwa imejaa, jamani.

Hata vita yetu wameifanyia hivyohivyo. Obama akiwa seneta aliandika muswada juu ya Kongo, na mwaka 2006 ukawa sheria kwa saini ya Bush. Ndani yake mlikuwa na ruhusa ya kuzuia msaada kwa nchi inayovuruga Kongo. Mzuri sana. Mwaka 2012 M23 wameinuka, na Obama sasa ndiye rais. Julai serikali yake ikakata dola 200,000 za msaada wa kijeshi kwa Rwanda. Hiyo ni bei ya magari machache. Novemba Goma ikaanguka. Baadhi yetu tulikuwa watoto, tulivuka Bunagana migongoni mwa mama zetu.

Haya, upande wa Trump, msicheke. Nyinyi wimbo wenu ni mmoja: "Angalau yeye siyo mnafiki, alisema atafunga, akafunga." Alifunga kwa kusema nchi yake haiwezi kubeba watu wengi. Mei 2025 mlango huohuo ukafunguliwa kwa Waafrikaner wa Afrika Kusini. Mwisho wa Oktoba ikatangazwa kwamba mwaka wa 2026 nafasi ni 7,500 tu, na nyingi ni za hao. Kumbe nchi inaweza kubeba, inategemea inambeba nani. Halafu Januari 2017 mtu huyuhuyu aliiambia televisheni ya Kikristo kwamba Wakristo wanaoteswa watapewa kipaumbele. Nyinyi mlishangilia, mkaomba hadi usiku kanisani. Wengi wa waliokwama kwenye foleni hapa Nakivale ni nani, kama siyo Wakristo?

Mnatuambia pia kwamba kukataa wakimbizi ndiyo imani ya Republican tangu zamani. Siyo kweli. Sheria ya Marekani ya wakimbizi ya 1980 ilipita Seneti bila kura hata moja ya kupinga, vyama vyote viwili. Mwaka 2019 gavana wa Utah, Gary Herbert, Republican kabisa, alimwandikia Trump akiomba wakimbizi zaidi waletwe kwake. Kwa hiyo wapo waliobaki na neno lao. Ni wachache, na hamjawahi kutuma habari zao kwenye grupu, kwa sababu hazimchomi mtu wa upande wa pili.

Mnataka kuona mchezo wenyewe bila mkimbizi ndani? Februari 2016 jaji Antonin Scalia wa Mahakama Kuu alifariki, Obama akamteua Merrick Garland. Republican wa Seneti, chini ya Mitch McConnell, wakasema huu ni mwaka wa uchaguzi, wananchi waamue kwanza. Garland hakusikilizwa hata siku moja. Septemba 2020 akafariki Ruth Bader Ginsburg, uchaguzi umebaki wiki chini ya saba. Walewale wakampitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya kura. Na Democrat? Mwaka 2016 walisema Seneti ifanye kazi yake. Mwaka 2020 wakasema wananchi waamue kwanza. Walibadilishana hotuba kama wanafunzi wanaobadilishana madaftari mwalimu akiingia.

Wamarekani wenyewe wameshachoka. Kituo cha utafiti cha Pew kimekusanya takwimu za miaka mingi: mwaka 1964, watu 77 kati ya 100 waliiamini serikali ya Washington, mwaka 2024 walibaki 22. Wasiovipenda vyama vyote viwili walikuwa 6 kati ya 100 mwaka 1994, wakafika 28 mwaka 2023. Wenye timu wanatoka uwanjani, sisi wa Nakivale ndio tunaingia na vuvuzela! Lakini tuseme na jambo la kuogopesha zaidi: wengi wao hawakiamini chama chao na bado wanakipigia kura, kwa sababu wanauogopa upande wa pili kuliko wanavyouamini wa kwao. Chama kikishajua hilo, kina haja gani ya kutimiza neno?

Wakongomani, msifikiri hii ni tabia ya wazungu. Januari 2015 vijana waliingia barabarani Kinshasa, Goma na Bukavu kumkataa Kabila asiongeze muda. UDPS ilisimama kusema Katiba haiguswi. Oktoba 2024, Kisangani, Tshisekedi wa UDPS hiyohiyo akatangaza tume ya kuandika Katiba mpya. Na watu wa Kabila, waliokaa miaka miwili zaidi baada ya muhula kwisha Desemba 2016, leo ndio wanaililia Katiba kama mtoto wao wa kwanza! Wabunge ndio usiseme. Walichaguliwa kwa tiketi ya Kabila, na Januari 2021 wakahama kwa makumi na makumi kumwangusha waziri mkuu wa upande wao wenyewe, kura 367. Hapa kambini tuna watu ambao 2015 walikuwa wanakimbia mabomu ya machozi kwa ajili ya Katiba ile, na sasa wanatuelezea kwa utulivu kwamba "mambo yamebadilika".

Sisi je? Tulimfanyia dada yetu kile Washington inachotufanyia. Upande mmoja ulimcheka, upande mwingine ukamtumia. Hakuna aliyemuuliza usiku ule watalala wapi, wakati nyumba ilikuwa haina hata sufuria. Dada, popote unaposoma hii, tunakuomba msamaha hadharani, pande zote mbili. Picha tumeifuta kwetu. Kule kwingine ilikoenda hatuna uwezo.

Wawili wetu, mmoja wa kila upande, walipanda taksi hadi Mbarara kumtafuta. Wakamkuta saluni moja Kakoba anasuka nywele. Ukutani kuna televisheni, na Trump alikuwa anaongea humohumo. Alikuwa ameizima sauti. Walikuwa wamejiandaa na maneno mengi, hata walisomeana njiani. Aliwasikiliza akiendelea kusuka, hakuinua macho. Walipomaliza akauliza kama ile elfu thelathini na tano aliyochanga kwa ajili ya sola ya kikundi inaweza kurudishwa, maana yeye haitumii tena.

Tulimtumia kwa simu jioni ileile, na ya kutolea tukaongeza.